Kilima cha Mjerumani

Mpaka leo siwezi kumtazama mtu akifagia pakavu nikanyamaza. Juzi hapa Singida mjini mdogo wangu alianza kufagia uwanja bila kunyunyiza hata tone la maji, vumbi likapanda mpaka kwenye sufuria ya chai, nikamnyang'anya ufagio. Nikachota maji kwa kopo, nikayarusha kwa vidole kama mama alivyonifundisha, na ile harufu ikainuka. Nyie wa rika langu mliokulia huku kwetu mnaijua vizuri, harufu ya udongo uliokauka miezi na miezi halafu ukaguswa na maji ghafla. Wengine wakiisikia wanakumbuka mvua ya kwanza na mbegu za alizeti. Mimi nilisimama pale na ufagio mkononi, meno nje, mpaka mdogo wangu akaniuliza kama naumwa. Siumwi. Nilikuwa nimerudi kidato cha pili, siku ile niliyoshinda mbele ya kijiji kizima, na nikaona afadhali niiandike kabla sijaisahau.

Shule yetu ilikuwa upande wa Kinyangiri, kwenye uwanda ambao upepo wake hauna adabu. Nyuma ya madarasa palikuwa na kilima kidogo, hakizidi paa la jiko kwa urefu, kimejaa vigae na mawe meusi, mazito, yenye matundu matundu kama mkate uliosahauliwa motoni. Mawe hayo yalizagaa kijiji kizima. Tuliyapanga juu ya mabati ili upepo usiyang'oe, tuliegeshea milango, na nyumbani mama alikuwa na moja la kukandamizia mfuniko wa mtungi. Kilima chenyewe tulikiita Kilima cha Mjerumani. Kila mtoto aliijua habari yake: Mjerumani alipozidiwa vitani alikusanya hela zake zote akaziyeyusha pale ili asimwachie mtu, na yale mawe ndizo hela zilizoungua. Na chini kabisa, tukaambiana, zipo ambazo moto haukuzifikia. Mimi niliamini hivyo bila taabu yoyote. Kwetu kitu chochote kigumu au cha zamani kilichotushinda kukieleza tulimpa Mjerumani, iwe daraja, iwe kisima cha mawe, hata paka wa mwalimu mkuu aliyekuwa na macho ya kijani.

Kwa hiyo Mwalimu Kitundu wa historia alipotangaza kwamba anaanzisha klabu ya mambo ya kale, kwamba mtaalamu anakuja kutoka chuo kikuu kuchimba kilima, na kwamba wanatakiwa wanafunzi wa kujitolea likizo nzima, nilinyoosha mkono kabla hajafunga mdomo. Wenzangu walidhani napenda historia kumbe napenda hela.

Mtaalamu mwenyewe alitushangaza. Tulitegemea mzungu, au basi mzee mwenye miwani. Akashuka kwenye bodaboda dada mmoja mwembamba, hijabu kichwani na buti za kiume miguuni, binti wa wafanyabiashara wa hapa hapa Singida mjini. Baba yake aliuza vitambaa, na mama yangu alishawahi kununua kwake. Jina lake Rehema. Siku ya kwanza alituketisha chini, akaokota jiwe jeusi, akasema jina lake ni mavi ya chuma. Tulicheka mpaka rafiki yangu Elifuraha akaanguka kwa mgongo. Dada Rehema alisubiri tumalize. Akatueleza kuwa udongo wenye chuma ukichomwa kwa moto mkali sana, chuma hubaki na taka hutiririka pembeni, nazo zikipoa huwa hivi.

"Kwa hiyo hapa palikuwa na watu waliotengeneza chuma," akasema. "Tunatafuta mahali penyewe walipokoka moto. Tunatafuta tanuru lao."

Nikanyoosha mkono. "Wajerumani?"

"Hilo tutalijua tukilikuta," akajibu, akatabasamu.

Nikajua anaficha. Mtu aliyenusa hela hasemi.

Kazi ikaanza. Alipima miraba kwa kamba na vigingi, akatugawia miko ya fundi mwashi, akatufundisha kukwangua udongo kidogo kidogo badala ya kuutifua kama tunalima mtama. Kila ndoo ilipita kwenye chekeche. Ukiingia shimoni unavua viatu, hukigusi kitu kabla hakijapigwa picha, na ufagio ni marufuku, brashi tu. Nilianza kwa sababu ya hela, lakini wiki ya kwanza haikuisha kabla sijapata sababu nyingine. Lazima mjue kwamba mimi nyumbani jina langu lilikuwa Mbishi. Nilipewa jina hilo ningali mdogo, na halikuwa sifa. Kwetu mtoto wa kike akiuliza "kwa nini" mara mbili hutumwa kuni. Sasa siku moja nilimwambia Dada Rehema kwamba kigae alichokiita cha chungu cha maji ni cha chungu cha mboga, maana kina masizi kwa nje, halafu nikafumba macho kusubiri nitumwe kuni. Akakigeuza geuza. Akasema, "Kweli. Endelea kubisha. Ukiona nimekosea bisha, ila unionyeshe kwenye udongo wenyewe." Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniambia maneno matamu namna hiyo. Nilibisha likizo nzima. Jioni nilirudi nyumbani magoti mekundu, kucha zimejaa ardhi, nikala ugali wa uwele kwa mlenda kama mtu aliyelima shamba la ukoo peke yake.

Kijijini maneno nayo hayakulala. Pale kwenye mashine ya kusaga watu waliapa kwamba tumeshakuta debe la hela na tunalihamisha kidogo kidogo kwenye mifuko ya plastiki ya Dada Rehema. Mama alinivuta jikoni, akafunga mlango.

"Mwanangu, mimi ndiye niliyekuzaa," alianza. "Kama mmekuta kitu, si ungeniambia mimi kwanza?"

"Mama, tumekuta vigae."

"Vigae vya nini?"

"Vya vyungu."

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemwona mwanawe akidhulumiwa na wajanja wa mjini.

Lakini uvumi haukuwa kitu. Aliyekuwa kitu ni baba mdogo. Huyu ni mdogo wake baba, mtu mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe, na ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi ya shule. Madarasa hayakututosha. Kidato cha kwanza walibanana kwenye dawati moja mpaka wakaandika kwa zamu. Kiangazi kizima baba mdogo aliwahimiza wanakijiji kusomba mawe ya msingi kwa vichwa na kwa mikokoteni ya ng'ombe, na lundo lake lilikuwa limesimama kando ya kilima likingoja. Fundi naye alikwishavuta kamba ya kuonyesha msingi utakapopita. Kamba hiyo ilipita juu ya kilima katikati kabisa, kwa sababu huko ndiko kwenye ardhi ngumu, na upande wa pili ni udongo mweusi unaopasuka nyufa. Baba mdogo hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonitesa. Alikuwa anataka darasa, na darasa tulilihitaji.

Akaweka siku. Ijumaa kamati na wanakijiji watakuja kutazama. Wakikuta kitu cha maana, watazungumza. Wakikuta vigae, Jumatatu kilima kinasawazishwa na msingi unachimbwa. Dada Rehema alikuwa na barua zake za kibali, angeweza kwenda nazo wilayani, lakini alituambia kwamba kitu kinacholindwa na barua tu hakidumu, wenye nacho wakitaka kukivunja watakivunja. Mimi nikajaribu njia yangu. Nilimfuata baba mdogo nyumbani kwake nikabishana naye mpaka chai ikapoa.

"Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji," alisema, akacheka, akanisukumia kipande cha kiazi.

Sikukila. Nilikuwa nawaza kwamba kilima kikiondoka klabu nayo imekufa, Dada Rehema atapanda bodaboda yake, na mimi nitarudi kuwa Mbishi wa kutumwa kuni.

Ijumaa ilipofika hatukuwa na kitu. Mifuko ya mavi ya chuma, mifuko ya vigae, na shimo la mraba lenye sakafu ya kahawia isiyosema neno. Tena alfajiri upepo ulikuwa umevuma ukalimwagia vumbi shimo zima, limekaa kama banda lililohamwa. Dada Rehema na Mwalimu Kitundu wakaenda ofisi ya kijiji kuwapokea wageni, wakatuacha sisi wanaklabu kulinda. Tukasimama ukingoni tukilitazama lile vumbi, na nakwambieni, wasichana wote tulipata aibu ile ile kwa wakati mmoja. Kwetu mgeni hakuti uwanja haujafagiliwa. Hata kama nyumbani kuna msiba, kwanza panafagiliwa ndipo watu walie.

"Chukueni dumu zenu," nikasema.

Mnakumbuka enzi hizo. Mwanafunzi hakuingia shuleni bila dumu la maji na ufagio, hata likizo tulikuja navyo kwa mazoea.

"Dada Rehema amekataza ufagio," Elifuraha akanikumbusha.

"Amekataza siku za kazi. Leo kuna wageni."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Tulivua kandambili, tukanyunyiza maji sakafu nzima kwa vidole, tukafagia kwa mkono mwepesi, kinyumenyume, kama kila msichana wa kwetu alivyolelewa, ili nyayo zisibaki. Harufu ile ikajaa shimoni. Nilikuwa nimeshafika kona ya mwisho Elifuraha aliponishika kiuno.

"Wewe. Hebu angalia."

Katikati ya shimo, pale ambapo jana tulikuwa tumekanyaga na kula karanga, palikuwa na duara. Duara jekundu, upana wake kama sinia kubwa la harusi, na ndani yake weusi kama wa masizi. Halikuwa limechorwa juu ya udongo, lilikuwa ndani yake. Tuliinama wote kulichungulia. Halafu tukapiga kelele wote. Halafu tukasimama kulitazama kwa furaha, na tukiwa tunalitazama likaanza kutoweka. Jua la kwetu na upepo wa kwetu havikopeshi, mahali paliponyunyizwa palikauka kuanzia pembeni, rangi zikarudi kuwa kahawia moja. Nikakimbilia dumu langu, likawa tupu. La Elifuraha, tupu. Tulikuwa tumemaliza yote. Na kisima kilikuwa mbali, na sauti ya baba mdogo ilishaanza kusikika nyuma ya madarasa.

Walikuja wengi kuliko tulivyotarajia. Nusu yao walikuja kutafuta debe la hela, ilionekana machoni. Tulimwamkia kila mtu mzima, shikamoo moja baada ya nyingine. Baba mdogo akasogea ukingoni, mikono nyuma.

"Ndilo hili?" akauliza. "Limefagiliwa vizuri, hongereni. Lakini ni shimo."

Watu wakacheka. Dada Rehema hakucheka. Alikuwa anaziangalia alama za ufagio.

"Nani ameingiza ufagio humu?"

"Mimi," nikasema. "Dada, kuna duara."

"Liko wapi?"

"Limekauka."

Hapo kicheko kikawa cha uwanja mzima. Mtu mmoja nyuma akauliza kama na hela nazo zimekauka. Masikio yalinichoma, nikatamani shimo lile liwe refu zaidi nijifiche ndani. Lakini Dada Rehema alinikazia macho na uso wake ukabadilika.

"Limekauka? Mlimwaga maji?"

"Tulinyunyiza. Kwa ajili ya wageni."

"Mungu wangu," akasema taratibu. "Na mimi siku zote nasubiri mvua ilowanishe udongo nione rangi zake. Leteni maji. Yoyote. Sasa hivi."

Maji hayakuwepo, isipokuwa pipa la fundi, lililojazwa kwa mkokoteni ili kuchanganyia zege. Kila mtu aliligeukia, na baba mdogo alikuwa amelisimamia, kiganja juu ya mfuniko.

"Haya ni maji ya ujenzi," akasema.

Nikamwendea. Nikapiga goti kama inavyotakiwa.

"Baba mdogo, naomba dumu moja tu."

"Na usipotuonyesha kitu?"

Sikuwa nimejipanga. Nilisema kitu cha thamani kubwa kuliko vyote nilivyokuwa navyo. "Nisipowaonyesha, Jumatatu nitakuja na jembe nichimbe msingi mimi mwenyewe. Na sitabisha tena."

"Hutabisha tena?"

"Sitabisha. Na wewe, na mama, na mtu yeyote."

Watu wakaguna. Mama yangu, aliyekuwa pale kati ya wanawake, alijishika mdomo. Baba mdogo akawageukia wote, uso unameremeta. "Mashahidi mmesikia? Kwa bei hiyo nampa hata pipa zima!" Akafunua mfuniko, akanijazia dumu kwa mkono wake.

Nilishuka shimoni peke yangu. Nilinyunyiza kwa vidole, nikianzia kona ya mbali. Nikafagia kinyumenyume. Nikafika ukingoni, nikatazama. Hakukuwa na kitu. Udongo wote ulikuwa umegeuka rangi moja ya giza kama sakafu iliyosiribwa. Nikasikia watu wakianza kusogeza miguu, nikasikia mtu akisema twendeni jua linapanda. Nilimtazama Dada Rehema karibu ya kulia. Alinyoosha kiganja, kwamba tulia. Maji yakanywewa. Na polepole, kutoka kulekule kwenye giza, ule wekundu ukapanda, upande mmoja kwanza, halafu wa pili, halafu ncha zikakutana.

"Yesu wangu," mama akasema kwa sauti.

Waliokuwa nyuma walisukuma waliokuwa mbele, simu zikainuliwa juu ya vichwa. Dada Rehema alirusha buti zake pembeni, akaingia na mwiko, akapiga magoti kando ya duara akakwangua. Udongo mwekundu ulilia chini ya chuma, mgumu kama tofali, umechomwa barabara. Akafuata ukingo wake mpaka pakatokeza mdomo wa bomba la udongo, limelala limeelekea ndani. Hili ndilo tanuru, alieleza, mvukuto ulikaa hapa, mtu akapuliza upepo ukaingia kwa bomba hili mpaka moto ukawa mweupe. Sauti yake ilikuwa inakatika katika.

"Kumbe Mjerumani alikuwa na jiko!" akasema mzee mmoja kwa mshangao.

"Hapana, mzee wangu. Mjerumani alikuja na chuma kilichokwisha kutengenezwa kwao. Bomba hili limefinyangwa kwa udongo wa hapa. Na vigae vyote tulivyotoa humu ni vya vyungu vyenu, akina mama wa hapa tuliowaonyesha wametutambulia wenyewe kwa jinsi vilivyonakshiwa."

Akazungumza mama yake Elifuraha, mwanamke ambaye kwa kawaida hazungumzi mikutanoni.

"Bibi yangu aliolewa kwa mahari ya majembe," alisema. "Alitusimulia mpaka tukachoka, majembe mazito, yaliyofuliwa huku huku kwetu. Sikuwahi kuuliza yalitokana na nini."

Aliinama akaokota jiwe jeusi, akalifuta kwa ncha ya kitenge, akalitazama kama kwamba amekabidhiwa. Mimi nilikuwa bado shimoni. Hela za Mjerumani zilinitoka moyoni papo hapo, na sikuzililia. Nilikuwa nimekaa miaka yangu yote juu ya kazi ya babu zangu nikimshukuru mgeni, na hasira na furaha vilinijia pamoja hata sikujua kipi kitangulie. Furaha ilitangulia. Niliruka ruka kwenye kona ya shimo kama mwendawazimu, Elifuraha akanirukia shingoni, na watu wakapiga vigelegele, wanawake wote, mpaka walioamini habari ya debe.

Baba mdogo hakupiga kelele. Alilizunguka shimo, akaitazama kamba ya fundi jinsi inavyokata katikati ya duara. Akainama, akakishika kigingi cha kamba hiyo kwa mikono miwili, akakitikisa, akaking'oa.

"Mwenyekiti, upande wa pili ni udongo mweusi," fundi alilalamika. "Msingi utataka kina kirefu."

"Basi tutachimba kina kirefu." Akang'oa cha pili. Akanitazama. "Na ile ahadi ya kutobisha?"

"Nimeonyesha, baba mdogo. Haipo tena."

Akacheka kile kicheko chake cha kuita ng'ombe, kisha akaugeukia mkutano na kunyoosha mkono kwenye lundo la mawe, kazi ya kiangazi kizima, ambalo sasa lilitakiwa kuhamishwa lote mpaka upande wa pili wa uwanja.

"Haya," akasema. "Aliyebisha ndiye aanze."

Nikapanda kutoka shimoni, peku, matope mpaka magotini, watu wakanipisha. Nikaenda kwenye lundo, nikachagua jiwe kubwa kuliko yote niliyoweza kuinua, mama akanitwisha kichwani, na nyuma yangu nikasikia watu wakianza kupanga mstari. Shingo iliniuma. Sikulitua njiani.